Jinsi ya Kuchagua Kitabu cha Mapishi ya Vyakula Vibichi kwa Jiko la Nyumbani

Vitabu vya mapishi ya vyakula vibichi huuzwa kwa picha. Unaona keki ya korosho yenye tabaka tatu za rangi, tambi zilizochongwa kutoka kwenye karoti, bakuli la majani mabichi linalong'aa mafuta, na mkono unakwenda kulipa kabla macho hayajasoma mstari hata mmoja. Picha haikuambii kwamba keki ile inataka blenda yenye nguvu na korosho zilizolala kwenye maji usiku kucha. Wala haikuambii kama mwandishi anajua ni vitu gani havifai kuliwa vibichi hata vikipambwa namna gani.

Kwangu mimi hapo ndipo penye kipimo kikuu. Upishi wa moto husamehe mengi: bakteria hufa, sumu nyingi za kwenye mbegu na mizizi huvunjika, na chakula kilichokosewa kipimo huweza kuokolewa kikiwa bado jikoni. Ukiondoa moto, kazi hiyo yote inahamia kwenye kuosha, kuloweka, kuotesha, kuchachusha, kukausha na kuhifadhi kwenye baridi. Kitabu kinachofaa ni kile kinachokufundisha kazi hizo kwa makini, na kinachosema waziwazi "hiki usile kibichi".

Hatua ya 1: Jua unataka kula namna gani

Watu wawili wanaweza kuulizia kitabu hicho hicho wakiwa na haja tofauti kabisa. Mmoja anataka kuongeza saladi, michuzi ya baridi na vitafunwa visivyopikwa kwenye mlo wake wa kawaida. Mwingine anataka karibu kila anachokula kiwe kibichi. Wa kwanza anahitaji kitabu cha mapishi mepesi ya kuandalia pembeni mwa chakula kilichopikwa. Wa pili anahitaji kitabu kinachopanga milo ya wiki nzima na kuzungumzia lishe kwa kina, kwa sababu hana chungu cha kumsaidia.

Vilevile angalia kitabu kinaita nini "kibichi". Waandishi wengi wa fani hii huweka mpaka wa joto mahali fulani kati ya nyuzijoto 42 na 48 za Selsiasi. Chochote kilichopita hapo hukihesabu kuwa kimepikwa. Wengine hutumia mimea tu. Wengine huingiza maziwa yasiyochemshwa, mayai mabichi, samaki na hata nyama. Haya yasemwe katika kurasa za mwanzo. Usipoyaona huko, utayagundua ukiwa tayari umefunga safari ya kwenda kununua vitu.

Fani yenyewe si ngeni. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Uswisi aliwalisha wagonjwa wake matunda na mboga mbichi zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mchanganyiko wake wa tufaha lililokwaruzwa, shayiri aina ya oti (oats) iliyolowekwa na njugu ndio asili ya kile kinachoitwa leo muesli. Nalitaja kwa sababu moja: pishi lile lilihitaji kikwaruzio na bakuli, basi. Vyakula vibichi vizuri havilazimishi jiko la gharama.

Hatua ya 2: Hesabu vifaa kabla ya kutazama picha

Tafuta ukurasa wa vifaa. Kwa kawaida utakuta blenda, mashine ya kukatakata, mashine ya kukaushia chakula, kifaa cha kuchonga mboga kama tambi, mfuko wa kuchujia maziwa ya njugu na mizani. Ukiwa na kisu kikali, kikwaruzio, ubao, chujio na blenda ya kawaida, unaweza kuandaa sehemu kubwa ya mapishi mabichi. Kinachoangusha wanunuzi wengi ni mashine ya kukaushia.

Fanya hivi: fungua kitabu mahali popote, kisha pitia mapishi 20 mfululizo ukihesabu mangapi yanataka mashine hiyo. Mikate mikavu, biskuti, vitafunwa vya majani na "piza" za vitabu hivi hukaushwa kwa saa 8 hadi 24 kwenye joto la chini ya nyuzi 48. Oveni nyingi za nyumbani haziwezi kushuka hivyo. Kiwango chao cha chini mara nyingi ni nyuzi 50 au zaidi. Ikiwa nusu ya mapishi yanategemea mashine usiyo nayo wala huna mpango wa kununua, umelipia nusu ya kitabu tu. Mwandishi anayejali huweka alama kwenye kila pishi linalohitaji kifaa maalumu, au hutoa njia mbadala.

Na blenda? Soma kama mwandishi anajua kwamba kusaga kwa dakika kadhaa bila kupumzisha hupasha moto mchanganyiko wenyewe. Kitabu kinachohubiri nyuzi 48 halafu kinakuamuru usage njugu dakika tano mfululizo hakijajaribiwa na aliyekiandika.

Hatua ya 3: Soma pishi moja neno kwa neno

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Chagua pishi la katikati ya kitabu, la kawaida kabisa, lisilo na picha. Mapishi ya mwanzo na yale yenye picha huwa yamepata uangalizi wote. La katikati ndilo linaloonyesha tabia ya mwandishi.

Chukua mfano wa krimu ya korosho, kwa kuwa karibu kila kitabu cha aina hii kinayo. Pishi bovu litasema: "Loweka korosho, saga na maji na limao hadi iwe laini, tia chumvi." Kiasi gani? Kwa muda gani? Maji ya kulowekea yanatumika au yanamwagwa? Laini namna gani? Inakaa siku ngapi?

Pishi lililoandikwa na mtu aliyesimama jikoni litakuwa hivi: korosho zisizokaangwa gramu 150, ziloweke kwenye maji baridi ndani ya friji kwa saa 4 hadi 8, mwaga maji, suuza. Tia kwenye blenda pamoja na maji safi mililita 120, maji ya limao vijiko 2 vya chakula na chumvi robo kijiko cha chai. Saga, simamisha, kwangua kingo, saga tena. Chukua tone ulisugue kati ya vidole viwili: ukisikia chembechembe, bado. Hutoka takribani mililita 300. Hifadhi kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya friji, itumie ndani ya siku 3 au 4, na itupe ikianza kunuka uchachu ambao haukuwepo.

Tazama yaliyomo kwenye maelezo hayo. Kuna uzito, kuna saa, kuna mahali pa kulowekea, kuna dalili unayoweza kuigusa kwa vidole, kuna kiasi kinachotoka na kuna ukomo wa kuhifadhi. Pishi lenye mambo hayo sita huwa limetoka kwenye kazi halisi. Likikosa moja, si kosa kubwa. Likikosa manne, rudisha kitabu kwenye rafu.

Vipimo vyataka jicho la pekee. Kikombe cha Marekani ni takribani mililita 240, kikombe cha metriki ni 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15 sehemu nyingi za dunia, lakini Australia ni 20. Kwenye saladi tofauti hiyo haina uzito. Kwenye pudini ya mbegu za chia au mkate mkavu wa mbegu za kitani, ambamo mbegu ndizo zinazonyonya maji na kushikamanisha kila kitu, kuongeza theluthi kwa kila kijiko kunageuza pudini kuwa donge. Kitabu kinachotumia gramu kinakuepusha na yote hayo.

Angalia pia kama kinajua kwamba matunda na mboga hazifanani. Ndizi moja inaweza kuwa na ukubwa maradufu ya nyingine, na karoti moja ina maji kuliko jirani yake. Mwandishi mzuri atakwambia "ongeza maji kijiko kimoja kimoja hadi..." na atataja uone nini.

Hatua ya 4: Kipime kwenye usalama

Hapa usiwe na haraka. Tumia fahirisi iliyoko mwisho wa kitabu na utafute vitu vichache vifuatavyo. Kila kimoja kitakuonyesha kama mwandishi ni mtu wa kuaminiwa na tumbo lako.

Anza na maharage. Maharage mekundu makubwa yana lektini, yaani protini yenye sumu, iitwayo fitohemaglutinini, na punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima vibaya ndani ya saa chache. Kuyaloweka hakutoshi, kuyaotesha hakutoshi, na moto mdogo usiofikia kuchemka hautoshi. Njia salama ni kuyaloweka angalau saa 5, kumwaga maji hayo, kisha kuyachemsha kwa nguvu kwenye maji mapya. Mamlaka ya chakula ya Marekani inapendekeza dakika 30. Kitabu kikikuelekeza kuotesha "maharage yoyote" na kuyala mabichi, kifunge hapohapo. Hakuna uzuri wa picha unaofidia sentensi hiyo. Choroko na dengu ndizo zinazooteshwa kwa kawaida, na kitabu makini hutenganisha mambo haya bila kumwacha msomaji abahatishe.

Kisha tafuta machipukizi. Mbegu zinaota kwenye unyevu na joto la wastani, na mazingira hayohayo huwapendeza bakteria. Mwaka 2011 mlipuko wa bakteria wa E. coli nchini Ujerumani uliohusishwa na machipukizi ya uwatu uliua watu zaidi ya 50 na kuwafanya maelfu waugue. Sisemi usioteshe, machipukizi ni chakula kitamu na rahisi kuandaa. Nasema kitabu kikufundishe kutumia mbegu zilizouzwa kwa ajili ya kuoteshwa, kuzisuuza mara mbili au zaidi kwa siku, kuyaweka machipukizi kwenye friji yakiwa tayari, na kiseme kwamba wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wayapike kwanza.

Vitu vingine upitie harakaharaka:

- Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta. Mafuta huzuia hewa, na bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hustawi pasipo hewa. Mchanganyiko huo ukae kwenye friji na utumike ndani ya siku 4. Kitabu kinachouweka kabatini kama kiungo cha mwezi mzima ni cha hatari.
- Asali kwenye chakula cha watoto. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, iwe mbichi au iliyochemshwa.
- Muhogo, lozi chungu na kokwa za aprikoti. Vyote vina viambata vinavyotoa sumu ya sayanaidi. Havina nafasi kwenye mapishi mabichi.
- Uyoga wa shiitake. Ukiliwa mbichi, baadhi ya watu hutokwa na vipele vya michirizi mwili mzima.
- Unga wa ngano. Si chakula kilicho tayari kuliwa. Unaweza kubeba bakteria kama mboga isiyooshwa. Donge tamu la "keki isiyookwa" lisitengenezwe kwa unga huo ukiwa mbichi.
- Samaki. Kwa samaki wa kuliwa mbichi, kiwango cha Marekani cha kuua minyoo ni kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friza ya nyumbani huenda isifike baridi hiyo. Kugandisha hakuui bakteria. Pishi linalosema "tumia samaki fresh" na kuishia hapo halijakwambia kitu.

Kama kitabu kina sura ya kuchachusha, kuna swali moja tu la kukiuliza: chumvi imepimwaje? Kabichi ya kuchachusha hutaka chumvi ya asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake, yaani gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya kabichi. Chumvi hiyo ndiyo inayowapa nafasi bakteria wazuri watengeneze asidi kabla wabaya hawajashika. "Chumvi kiasi" haitoshi hapa, na pasiwe na maelezo yanayoacha mboga ielee juu ya maji yake, kwa sababu inayoelea ndiyo inayoota ukungu.

Mwisho wa hatua hii, tafuta neno "friji". Chakula kibichi kilichokatwa au kusagwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na friji iwe nyuzi 5 au chini yake. Kitabu kizima kisichotaja jambo hilo hata mara moja kimeandikwa na mtu aliyependa kupiga picha kuliko kulisha watu.

Hatua ya 5: Soma madai ya afya kwa macho makavu

Karibu kila kitabu cha fani hii kina dibaji ndefu kuhusu afya. Isome, maana inaonyesha kama mwandishi anaheshimu ukweli pale usipomfaa.

Dai la kawaida ni vimeng'enya: kwamba moto huviua, na kwamba ukila chakula kibichi vimeng'enya vyake vinakusagia chakula tumboni. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili haisimami vizuri, kwa sababu vimeng'enya ni protini, na tindikali ya tumbo huzivunja nyingi kama inavyovunja protini nyingine. Mwili hutengeneza vimeng'enya vyake wenyewe vya kusaga chakula. Mwandishi anaweza kupenda vyakula vibichi kwa moyo wote bila kuegemea dai hilo.

Kuhusu vitamini, picha ina pande mbili. Vitamini C na foleti hupungua kwa moto na huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo mboga mbichi ina faida ya kweli hapo. Lakini likopeni ya nyanya na beta-karotini ya karoti, viambata vinavyozipa rangi, hufyonzwa vizuri zaidi zikipikwa. Kitabu kinachokiri hili hukusaidia kivitendo: utakuta karoti zake zimekwaruzwa laini au kusagwa, zimechanganywa na parachichi, njugu au mafuta, kwa kuwa mafuta na kusagwa husaidia mwili kuifikia karotini.

Ukipanga kula vibichi tupu vya mimea, tafuta vitamini B12. Mimea haikupi B12 ya kutegemewa. Spirulina, unga wa mwani ambao vitabu vingi huusifia, ina zaidi aina ya B12 ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Mwandishi mkweli atakuelekeza kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Akikwambia mboga isiyooshwa vizuri inatosha, mpite.

Kuna pia suala la kushiba. Majani na matunda yana ujazo mkubwa na nishati kidogo, na utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watu wanaoishi kwa vyakula vibichi uliona kwamba takribani asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au kukoma kabisa, jambo lililoendana na kupungua uzito. Ndiyo maana napenda kitabu chenye njugu, mbegu, parachichi na nafaka zilizooteshwa kwenye milo yake mikuu, si juisi za kijani kuanzia jalada hadi jalada. Na kama unatumia dawa ya kuzuia kuganda kwa damu aina ya warfarin, ongezeko la ghafla la majani mabichi yenye vitamini K linagusa dawa hiyo moja kwa moja. Zungumza na daktari wako kabla ya kufuata mpango wowote wa kitabuni.

Kitabu kinachoahidi kuponya saratani au kisukari usikinunue.

Hatua ya 6: Angalia ukweli wa viungo vyenyewe

Korosho zinazouzwa kama mbichi kwa kawaida zimepitishwa kwenye mvuke au joto ili kuondoa ganda lenye mafuta yanayounguza ngozi. Oti bapa hupitishwa kwenye mvuke kiwandani. Sharubati ya mti wa mepo (maple) huchemshwa ili iwe nzito. Lozi zinazolimwa California hupitishwa kwenye utaratibu wa kuua vijidudu, sharti lililoanza mwaka 2007. Hakuna ubaya wowote kuvitumia. Lakini mwandishi anayeshikilia mpaka wa nyuzi 48 kama sheria huku mapishi yake yamejaa vitu hivi bila neno, ama hajui anachokiandikia ama hataki ujue.

Kisha pitia orodha za viungo ukijiuliza ni vingapi unavipata bila kuagiza mbali. Pishi lenye kiungo kimoja adimu linavumilika kama kuna mbadala ulioandikwa. Kitabu ambacho kila ukurasa una unga fulani wa mizizi ya mbali kitakaa rafuni.

Hatua ya 7: Kijaribu kabla hakijawa chako

Azima maktaba au kwa rafiki ikiwezekana. Kama unanunua mtandaoni, fungua kurasa za mfano: zinapaswa kuonyesha yaliyomo, ukurasa wa toleo na angalau pishi moja kamili. Siku hizi kuna vitabu vya kidijitali vinavyotungwa kwa programu ya kompyuta kwa muda mfupi sana. Dalili zake ni mapishi yanayotaja kiungo kwenye orodha kisha yanakisahau kwenye maelekezo, vipimo visivyowezekana, na mwandishi ambaye hana kazi nyingine inayojulikana popote. Kwa kitabu cha karatasi, kifungue katikati ukilaze mezani. Kikijifunga chenyewe, kitakusumbua ukiwa na mikono iliyolowa.

Ukishakinunua, usianze na keki ya jaladani. Andaa mapishi matatu ndani ya muda wa kurudisha bidhaa: mchuzi au krimu ya kusaga, saladi inayotakiwa kulala kwenye viungo vyake, na kitu kimoja cha kuloweka au kuotesha. Pima kila kitu kama kilivyoandikwa, usirekebishe kwa uzoefu wako. Linganisha muda uliotajwa na muda uliotumia, kiasi kilichotoka na kiasi kilichoahidiwa. Mawili yakikwama kwa makosa ya kitabu, kirudishe. Yakikubali, yawekee alama kwa penseli, na pale ulipopenda limao zaidi au chumvi pungufu, andika kipimo chako pembeni mwa ukurasa.